Tujenge Mtoto Kabla ya Darasa

Maneno ya mjumbe wa Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka ya wana-Rungwe waishio Dar es Salaam



Najua mkiona mhasibu ameshika kipaza sauti, wengi mnaanza kutafuta mlango. Msiwe na wasiwasi. Taarifa ya mapato na matumizi mmegawiwa na mtaisoma kwa nafasi yenu. Leo Mwenyekiti amenituma kueleza jambo moja tu, nalo limetuchukua vikao kadhaa na maneno mengi kabla ya kukubaliana: kwamba makusanyo ya harambee ya mwaka huu yasiende kwenye jengo. Yaende kwenye lishe ya wajawazito, mama wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka miwili katika kaya masikini za nyumbani.

Najua hapa ndani wapo ambao hawajaridhika. Wana haki. Chama chetu kimezoea kujenga. Madarasa, madawati, vyoo vya shule, mabati ya zahanati, hivyo vyote tunavijua, vinapigwa picha, vinazinduliwa, na mtu akienda likizo Tukuyu anapita pale anasema, "Lile letu." Uji haupigwi picha ukawekwa jiwe la msingi. Kwa hiyo nawaomba dakika chache niwaeleze kwa nini kamati yenu, nami nikiwemo, tumeona kwamba uji huo unatangulia darasa.

NAMBA ZINASEMAJE

Udumavu maana yake ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka, kwa sababu ya lishe duni na magonjwa ya mara kwa mara katika miaka yake ya mwanzo. Naomba tutofautishe na ufupi wa ukoo. Ukoo unaweza kuwa na watu wafupi wenye afya njema kabisa. Mtoto aliyedumaa amepungukiwa mwilini na kichwani pia. Kinga yake ni dhaifu, darasani anaelewa kwa taabu, na akiwa mtu mzima nguvu zake za kazi ni pungufu. Ubaya wake ni kwamba hapigi kelele. Anacheza, anacheka, anatumwa dukani. Mama yake akimtazama haoni tatizo, hasa kama watoto wa majirani nao wako hivyo hivyo.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hapo tumepiga hatua: mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, na mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34. Lakini angalieni ni wapi tatizo limekaa. Iringa ni karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa ni karibu asilimia 50 kila mmoja. Hiyo ndiyo mikoa tunayoiita ghala la taifa. Mkoa wetu wa Mbeya una nafuu ukiulinganisha na majirani hao, lakini nafuu yenyewe ni karibu mtoto mmoja kati ya kila watatu. Darasa la watoto 45, weka 15 upande mmoja. Ndio hao.

Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kati ya watoto wa miezi 6 hadi 23, ni kama mmoja tu kati ya watano anayepata mlo unaotosha, yaani wa aina mbalimbali na kwa idadi ya mara zinazotakiwa kwa siku.

Wataalamu wanazungumzia siku 1,000 za mwanzo. Kwa hesabu ni rahisi: siku 270 za ujauzito, jumlisha siku 730 za miaka miwili ya kwanza. Ubongo hujengwa zaidi katika kipindi hicho. Mtoto akifika darasa la kwanza ana miaka sita, dirisha hilo lilishafungwa miaka minne nyuma. Sisi tumekuwa tukimsubiri mtoto huyu pale shuleni, na dawati zuri la mbao ngumu, wakati sehemu kubwa ya uwezo wake wa kulitumia dawati hilo ilishaamuliwa akiwa mgongoni kwa mama.

CHAKULA KIPO, MTOTO ANAKOSAJE?

Hili ndilo swali ambalo kila mgeni anayekuja Rungwe hujiuliza. Mvua hazitupi likizo. Udongo wa volkano. Ndizi kila kona, maharage, viazi, mahindi, chai, maziwa, na sasa parachichi zetu zinavuka bahari. Mtu anadumaaje katikati ya neema hii?

Jibu la kwanza ni kwamba kushiba na kulishwa ni vitu viwili. Mtoto mdogo ana tumbo dogo kama ngumi yake. Ukilijaza ndizi zilizopondwa na maji, au uji mwepesi wa mahindi, limejaa. Ameshiba na amelala. Lakini hakupata protini ya kutosha, hakupata mafuta, hakupata madini ya chuma. Kesho vivyo hivyo, na keshokutwa.

Jibu la pili linatugusa sisi watu wa hesabu. Vyakula vizuri vya Rungwe vimekuwa fedha. Maziwa yanakamuliwa alfajiri na yanaondoka na mkusanyaji kabla mtoto hajaamka. Mayai yanasubiri mnada au mteja wa barabarani. Parachichi nzuri inachambuliwa kwa ajili ya mnunuzi. Silaumu kuuza, kwa fedha hizo wengi wetu tulisomeshwa, na wengi hapa tusingefika mjini. Ninachosema ni kwamba katika kaya nyingi hakuna aliyepanga kiasi cha kubaki nyumbani. Kinachobaki ni kile ambacho soko limekikataa.

Jibu la tatu ni muda wa mama. Mtoto wa miezi minane anahitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, kwa subira. Mama huyo huyo anachuma chai, anabeba ndizi hadi barabarani, anatafuta kuni, anafuata maji kwenye mteremko. Mtoto anaachwa na dada yake wa miaka saba, naye ni mtoto anayehitaji kuangaliwa. Analishwa asubuhi na jioni, basi.

Jibu la nne ni magonjwa. Baridi yetu mnaijua. Kikohozi, nimonia, moshi wa jikoni, kuhara kwa maji yasiyochemshwa. Mtoto anayeumwa kila mwezi anatumia chakula chake kupambana na ugonjwa badala ya kukua. Na kwa sababu mvua ni nyingi, mahindi yasipokaushwa vizuri yanaota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo, kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya vitabuni.

Na jibu la tano ni umasikini wenyewe, ambao Rungwe huwa tunauficha nyuma ya migomba. Si kila mtu ana shamba. Wapo wasichana waliozaa wakiwa shuleni na wanaishi chumba kimoja kwa wazazi. Wapo wajane ambao mgawo wa ardhi uliwapita. Wapo bibi zetu wanaolea wajukuu waliopoteza wazazi wao. Kaya hizo hazina ng'ombe wa kuuza maziwa wala parachichi za kuchambua. Wanaishi kwa kibarua cha siku. Hao ndio tunaowazungumzia usiku huu.

SERIKALI INAFANYA NINI

Kuna wanaouliza, "Hiyo si kazi ya serikali?" Ni kazi ya serikali, na inafanyika. Tanzania ina Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Ina mpango jumuishi wa taifa wa lishe, ambao awamu yake ya pili ilipangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Wakuu wa mikoa wamesaini mkataba wa lishe. Mwaka 2022 walisaini tena mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Kila mwaka, mwezi wa Juni na wa Desemba, watoto hupewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Kila robo mwaka vijiji vinatakiwa kufanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji.

Halmashauri nazo zimeagizwa kutenga kutoka mapato yao ya ndani shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni agizo jema, kwa sababu kabla ya hapo fungu la lishe katika halmashauri nyingi lilikuwa halionekani kabisa. Lakini gawanya 1,000 kwa siku 365. Haifiki shilingi tatu kwa siku. Fedha hiyo inaweza kulipia mafunzo, usimamizi, mafuta ya gari la afisa lishe. Haikuwekwa pale kununua yai, na haiwezi.

Kwa upande wa kaya masikini tuna TASAF na Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini. Katika awamu ya kwanza ya mpango huo, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, na nyongeza ya 4,000 kwa kaya yenye watoto, na 4,000 nyingine ikiwa mtoto mdogo anapelekwa kliniki. Nasifu sana wazo hilo la kuunganisha ruzuku na kliniki. Lakini chukua yai moja kwa siku, kwa bei ya mfano ya shilingi 400. Kwa siku 30 ni shilingi 12,000. Yai moja la mtoto mmoja lingemaliza ruzuku ya msingi ya kaya nzima na kubaki na deni la 2,000, kabla hujanunua chumvi wala sabuni. Ndiyo maana tunasema serikali imefungua njia, na jamaa wa nyumbani wana nafasi yao ya kupita.

SOMO LA JIRANI ZETU, NA LA MBALI

Jambo hili limewahi kufanyika karibu nasi kabisa. Kuanzia mwaka 1983, vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa viliingia katika mpango wa lishe ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Kilichofanyika ni rahisi kueleza. Kila robo mwaka watoto wote wa kijiji walipimwa uzito. Matokeo yalisomwa kijijini hapo hapo. Kamati ya kijiji ikakaa na kujiuliza: wangapi wako hatarini, kwa sababu gani, na tufanye nini kwa uwezo tulio nao? Kijiji kimoja kilianzisha sehemu ya kulishia watoto wakati mama wako shambani, kingine kilipunguza kazi za wajawazito, kingine kilitafuta mashine ya kusaga karibu. Robo iliyofuata walipima tena kuona kama walichoamua kimesaidia.

Kufika mwaka 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walikuwa wameshuka kutoka karibu asilimia 56 hadi asilimia 38, na wale wa hali mbaya kabisa kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Dunia nzima ilikuja kujifunza Iringa.

Mtaniuliza, mbona leo Iringa hiyo hiyo inaongoza kwa udumavu? Kwanza, vipimo viwili hivi havifanani. Kile kilikuwa uzito, hiki ni urefu kwa umri, na si haki kuvilinganisha moja kwa moja. Lakini hata hivyo fundisho ninaloliona mimi ni hili: lishe haijengwi mara moja ikaisha kama daraja. Kila mwaka wanazaliwa watoto wapya, na kila mmoja ana siku zake 1,000. Ukipima miaka mitano ukaacha, watoto wa mwaka wa sita hawanufaiki na kumbukumbu.

Sasa nitoke nje ya nchi kidogo. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, imekuwa tangu miaka ya 1970 na mpango wa taifa wa kuwapa wajawazito, mama wanaonyonyesha na watoto hadi miaka mitano wa kipato cha chini vyakula vilivyochaguliwa: maziwa, mayai, nafaka, maharage, matunda na mboga, pamoja na ushauri wa unyonyeshaji. Kama nchi ile haikuliachia soko jambo hili, sisi tusione aibu kulishughulikia.

Na kwa wale wanaotaka kujua faida ya mtaji, kuna utafiti wa Guatemala ambao mimi kama mhasibu nimeusoma mara mbili. Kati ya mwaka 1969 na 1977, watoto wa vijiji viwili walipewa uji wenye protini, na wa vijiji viwili vingine wakapewa kinywaji kitamu kisicho na protini. Watafiti waliwarudia wakiwa watu wazima. Wanaume waliopata ule uji katika miaka yao miwili ya mwanzo walikuwa na kipato kwa saa kilichozidi cha wenzao kwa takribani asilimia 46. Wanawake walikuwa wamesoma madarasa mengi zaidi. Niambieni ni hatifungani gani inayolipa hivyo.

HESABU YENYEWE

Nitatumia namba za mviringo ili sote tufuatane, kwa sababu bei za Tukuyu zinapanda na kushuka. Tuseme yai moja shilingi 400 na kikombe cha maziwa shilingi 500. Ni 900 kwa siku. Kwa mwezi ni 27,000. Mtoto ananyonya maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, na hapo hatumwongezei kitu; kinachohitajika ni mama yake ale vizuri. Anaanza chakula cha nyongeza akiwa na miezi sita, huku akiendelea kunyonya, hadi afike miezi 24. Hiyo ni miezi 18. Zidisha 27,000 kwa 18 unapata shilingi 486,000. Hiyo ndiyo gharama ya kumvusha mtoto mmoja kwa yai na maziwa kila siku, kama tutanunua kila kitu kwa fedha taslimu.

Hatutanunua kila kitu kwa fedha taslimu. Kamati inapendekeza mambo manne.

Kwanza, mbegu ya chakula nyumbani. Kaya itakayoweza itapewa kuku wa kienyeji, mbegu za mboga za majani na miche ya matunda. Pale penye malisho, vikundi vya mama vipewe mtamba wa maziwa kwa mtindo tunaoujua wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: ndama jike wa kwanza anakwenda kwa mwenzako. Sharti ni moja, linaandikwa na kusainiwa na baba na mama: kikombe cha mtoto kinatoka kwanza, kinachobaki ndicho kinauzwa.

Pili, kikapu cha mwezi kwa wale ambao hawawezi kusubiri kuku atage: wajawazito wenye upungufu wa damu na watoto ambao kadi ya kliniki inaonyesha mstari umeshuka. Ndani yake maharage, usipa mkavu kutoka Kyela, mayai, mafuta ya kupikia, chumvi yenye madini joto. Vyote vinunuliwe kwa wakulima na wafanyabiashara wa huko huko, ili fedha izunguke kijijini. Maziwa ya kopo hatutagawa kabisa. Hayana nafasi ya kushindana na ziwa la mama.

Tatu, mafunzo ya mapishi katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Hapa ndipo parachichi iliyokataliwa na mnunuzi inapata heshima yake: ikipondwa ndani ya ndizi au uji wa mtoto inaleta mafuta anayoyahitaji. Maharage yakilowekwa, yakaiva vizuri na kupondwa, mtoto wa miezi saba anakula. Usipa ukisafishwa na kusagwa, kijiko kimoja kinabadilisha bakuli zima. Na mafunzo haya baba na bibi waalikwe. Mama kijana hapangi peke yake nini kipikwe. Mara nyingi anayeamua ni mama mkwe, na mwenye fedha ni baba.

Nne, vifaa vya kupimia: mizani, mbao za kupimia urefu, na tepe za kupimia mkono kwa wahudumu wa afya ya jamii. Tepe hiyo ina rangi tatu. Mtoto ambaye mzingo wa mkono wake uko chini ya sentimita 11.5 anaangukia nyekundu, na huyo si wa kikapu chetu. Ni wa hospitali, siku hiyo hiyo. Chama kitasaidia nauli ya kumfikisha Makandana, Igogwe au kituo kingine kilicho karibu.

TUTALINDAJE FEDHA

Hapa nazungumza kazi yangu. Fedha za lishe zitakuwa na akaunti yake. Malipo yoyote yatahitaji saini mbili za hapa na stakabadhi ya kule. Kata za kuanzia hatutazichagua kwa kuangalia mjumbe gani anatoka wapi. Najua kila mmoja wetu angependa kuanzia kwao, awe wa Kiwira, Masoko, Ikuti au Mpuguso. Afisa lishe wa halmashauri atuonyeshe takwimu za kliniki, na tuanze pale hali ilipo mbaya zaidi.

Kila robo mwaka, kiasi kilichopokelewa na kilivyotumika kitabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji. Namba tu. Majina ya walionufaika yabaki kliniki na kwenye kamati. Hakuna mama anayetaka jina lake libandikwe ukutani kama masikini wa kijiji, na binti zetu wanaozaa wakiwa wadogo wangeacha kuja.

Tusijipime kwa idadi ya vikapu tulivyogawa. Vikapu ni matumizi. Tujipime kwa idadi ya watoto ambao mstari wa kadi umepanda, na wajawazito ambao damu yao imeongezeka. Namba hizo zikikataa kupanda kwa mwaka mzima, mimi nitakuwa wa kwanza kuomba turudi mezani tupange upya.

HOJA ZA WENZETU

Wapo waliosema tutawafanya watu wawe tegemezi. Nimeipima hoja hiyo. Mtoto wa mwaka mmoja ni tegemezi kwa amri ya Mungu, hajachagua. Na kwa mzazi, ndiyo maana kuku na mtamba vinatangulia, na kikapu kina mwisho wake: mtoto akitimiza miaka miwili, kinahamia kwa mwingine.

Wapo waliosema kikapu kitauzwa. Baadhi vitauzwa, sitawadanganya. Tutakachofanya ni kuwashirikisha akina baba tangu siku ya kwanza na kumtumia mhudumu wa afya ya jamii kutembelea nyumba. Mabati nayo yamewahi kupotea njiani katika miradi mingi nchini, na hatukuacha kujenga.

Na wapo waliosema jengo linaonekana. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Sisi wahasibu tukinunua dawati tunaliandika kwenye daftari la mali. Tukinunua maziwa tunaandika matumizi, na mwisho wa mwaka yameisha. Lakini dawati nalo tunalipunguza thamani kila mwaka mpaka linabaki sifuri. Mtoto aliyekula vizuri thamani yake inapanda kila mwaka kwa miaka 60, na hakuna daftari la chama litakalomwonyesha. Itabidi tukubali kutoa bila kuandikwa jina.

OMBI

Ndugu zangu, wazee wetu walikuwa na neno ukwangala: raha ya kukaa pamoja na kula pamoja na wenzako. Mtu aliyekula peke yake alionekana mchawi. Sisi wa mjini tumeendeleza ukwangala kwa misiba, harusi na harambee kama hii. Naomba safari hii tuupanue kidogo, umfikie mtoto ambaye hatutawahi kukaa naye meza moja.

Kwa sababu mtoto anakula kila mwezi, naomba ahadi za leo ziwe za mwezi mwezi badala ya mkupuo mmoja. Mwenye uwezo wa 27,000 kwa mwezi amebeba yai na maziwa ya mtoto mmoja. Wawili wakiungana, kila mmoja 13,500. Vijana wanaoanza kazi, watatu wachangie 9,000 kila mmoja. Mwenye uwezo mkubwa afikirie mtamba kwa kikundi cha mama.

Na kwa heshima zote, neno la mwisho la mhasibu. Ahadi isiyolipwa naiandika kwenye daftari la wadaiwa, na mwaka wa pili naihamishia kwenye madeni mabaya. Kwa jengo, ahadi hewa inachelewesha paa, na paa linaweza kusubiri kiangazi. Mtoto wa miezi saba hawezi kusubiri. Kwa hiyo andika kile utakachotoa, hata kiwe kidogo, kisha kitoe kila mwezi.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa katibu. Kalamu zipo.